Hiyo 50 Yako Si 50 Yetu

Wasee, leo niko na hasira na dashibodi.

Juzi nilitoka Mfangano na boti hadi Mbita, cuzo akanichukua na gari yake mpya twende Homa Bay. Mpya kwake, maana imekuja kutoka Uingereza ikiwa imetumika. Tukaingia senta moja hivi, kuna kibao cha 50, akina mama wameanika omena kando ya lami, watoto ndio wanatoka shule. Maduka yanapita mbio hadi nikashika siti. Nikamwambia, "Omera, punguza." Akanionyesha mshale. "Si niko 50?"

Kweli mshale ulikuwa kwa 50. Ya maili.

Mimi niliacha uni mwaka wa pili, lakini hii hesabu haitaki digrii. Maili moja ni karibu kilomita 1.6, kwa hivyo 50 ya cuzo ni 80 yetu. Sheria ya trafiki ya Kenya inataka kilomita 50 kwa saa ndani ya mji na senta. 80 ni ya matatu ikiwa highway! Na nguvu ya kugonga haipandi polepole: ukitoka 50 ukafika 80, unamgonga mtoto na nguvu zaidi ya mara mbili na nusu.

Najua kuna mjuaji atasema kilomita pia ziko, zimeandikwa kwa mduara wa ndani. Sawa. Ni ndogo kama maandishi ya nyuma ya dawa. Nani anazitafuta usiku, mvua inanyesha, pikipiki imebeba watu watatu mbele yake? Jicho linaenda kwa namba kubwa. Na kibao chetu kimeandikwa 50 tu, hakisemi ni 50 ya nini.

Ireland walikuwa na hizo maili miaka yote. Tarehe 20 Januari 2005 wakabadilisha vibao vya spidi nchi nzima kuwa kilomita, na magari mapya yakaanza kuuzwa na mita za kilomita. Uingereza wao wamebaki na maili, na ni haki yao, vibao vyao vinahesabu maili. Sisi vyetu vinahesabu kilomita.

Msimamo wangu ni huu: gari inayokuja kuishi hapa, namba kubwa iwe kilomita, la sivyo isipewe namba ya usajili. Tayari tunakataa kuingiza gari iliyozidi miaka 8, na usukani lazima uwe kulia. Kama dashibodi ni ya skrini, ni kubonyeza menyu tu. Kama ni ya mshale, fundi abadilishe ile sahani ya namba. Ukilia gharama, uliza gharama ya jeneza.

Cuzo anasema atabadilisha mwezi ujao. Nimemwambia hadi siku hiyo nitapanda matatu.