Afya ya akili kazini: dawa si simu pekee

Alfajiri katika kituo cha treni cha Hayes, magharibi mwa London, wanapishana wanaotoka zamu ya usiku katika uwanja wa ndege wa Heathrow na wanaokwenda kuanza ya asubuhi. Wamo pia wenzetu wa Afrika Mashariki.

Waajiri wengi wa Uingereza siku hizi huwapa wafanyakazi wao programu za simu za kutuliza akili na semina za kukabiliana na msongo. Je, zinasaidia?

Mwaka 2024 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, William Fleming, alichapisha uchambuzi wa majibu ya wafanyakazi 46,336 wa mashirika 233 nchini humo. Walioshiriki katika mipango ya aina hiyo hawakuwa na hali bora kuliko wasioshiriki, isipokuwa waliopewa nafasi ya kufanya kazi za kujitolea. Utafiti huo haukuwapima watu kabla na baada, hivyo haukufunga mjadala.

Hata hivyo haustaajabishi. Aliyefanya zamu nne za usiku mfululizo, kisha akaitwa siku yake ya mapumziko, hakukosa mafunzo ya kulala. Amekosa muda wa kulala.

Zana nyingine ipo, nayo ni ya bure. Tangu mwaka 2004 mamlaka ya Uingereza ya afya na usalama kazini inawahimiza waajiri kuchunguza mambo sita, yakiwemo mzigo wa kazi, uhuru wa mfanyakazi katika kuipanga, na msaada wa wakubwa wake. Dodoso lake la maswali 35 linamtaka mfanyakazi aeleze, kwa mfano, iwapo anaweza kuamua lini apumzike.

Tatizo ni kwamba majibu yake hudai fedha: kuongeza watu, kubadili ratiba. Programu ya simu hununuliwa mara moja, na ratiba ikabaki ilivyo.

Nyumbani nako suala hili limefika mahakamani. Mjini Nairobi, mwaka 2023, zaidi ya watu 180 waliokuwa wakichuja picha na maandishi ya Facebook waliishtaki kampuni ya Meta, wakilalamika pia kuwa msaada wa kisaikolojia haukulingana na ukatili waliolazimika kuutazama. Meta ilisema inawataka wakandarasi wake watoe ushauri nasaha.

Uingereza, tangu Aprili 2024, mwajiriwa anaweza kuomba kubadilishiwa saa za kazi tangu siku ya kwanza, na mwajiri sharti ajibu katika miezi miwili. Lakini wengi wanaofanya kazi kupitia mawakala, ambao Hayes si wachache, haki hiyo haiwahusu.