Mbio za chukudu Bunagana: mshindi awe yule anayefika akiwa mzima

Bunagana haina farasi. Katika mji huu mdogo wa mpakani, teritware ya Rutshuru, mizigo inayotoka upande wa Uganda inabebwa na malori, pikipiki, migongo ya wamama na chukudu. Hata hivyo, mchezo wa farasi wa mwendo mrefu una jambo la kuwafundisha vijana wa Kivu ya Kaskazini wanaopenda mbio za chukudu.

Mbio hizo, kama mbio nyingi za sikukuu, zinahesabu kitu kimoja tu: nani alifika wa kwanza. Na chukudu inakimbia zaidi kwenye mteremko. Kila mtu aliyesafiri kwa barabara ya kitaifa namba 2 amewaona wakishuka kutoka Kibumba kwenda Goma na makabichi, viazi au makala, mguu mmoja ukikanyaga kipande cha mpira kwenye gurudumu la nyuma ili kupunguza mwendo. Kuwaambia watu hao washindane kwa kasi ni kuwaalika kuanguka. Baba anayevunjika mguu kwa ajili ya zawadi ya dolari chache, watoto wake ndio watakaolala na njaa mwezi mzima.

Wenye farasi walikutana na shida hiyo mapema. Mashindano ya Tevis Cup yalianza mwaka 1955 huko California, Marekani: kilometa 160 za milima, ndani ya saa 24. Kila anayemaliza kwa wakati, farasi wake akikutwa bado ana nguvu za kuendelea, anapewa zawadi, hata akiwa wa mwisho. Tangu 1964 kuna pia Haggin Cup. Hiyo wanapewa farasi na mwendeshaji wake si kwa sababu walitangulia, bali kwa sababu kati ya kumi wa kwanza, farasi huyo ndiye alionekana mwenye hali bora.

Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi, FEI, linagawa safari katika vipande visivyopita kilometa 40. Baada ya kila kipande, daktari wa mifugo anapima moyo na kuangalia miguu. Mapigo yakibaki juu ya 64 kwa dakika, au farasi akichechemea, safari yake imeishia hapo.

Kanuni peke yake hazitoshi pale pesa na haraka vinapotawala. Mwezi wa tatu 2015, FEI ilisimamisha shirikisho la Falme za Kiarabu kwa sababu ya namna farasi walivyotendewa na kanuni zilivyovunjwa. Lakini ni katika inchi hiyohiyo, huko Boudheib, ambako waandaaji walijaribu mtindo mwingine: kutopita kilometa 20 kwa saa, na mapigo ya moyo yasizidi 56. Anayekimbiza mnyama kupita kiasi hapati faida yoyote.

Na mtindo mpya unaweza kuzaa mchezo mzima. Mwaka 1974, Gordy Ainsleigh, aliyekuwa amezoea kushiriki Tevis Cup na farasi, alijitokeza bila farasi. Alikimbia njia yote kwa miguu na kumaliza kabla ya saa 24 kwisha. Kutoka hapo zikazaliwa mbio za Western States, ambazo leo zinajulikana dunia nzima. Farasi hakuwepo tena, lakini utaratibu wa saa na kilometa ulibaki.

Bunagana inaweza kufanya vivyo hivyo kwa chukudu. Kwanza, mbio ziende kwa mizunguko mifupi inayorudi palepale, si safari ya kwenda Rutshuru au Goma. Kwa eneo lenye usalama mdogo, faida ni kubwa: watazamaji, maji na muuguzi vyote vinabaki mahali pamoja, na hakuna kijana anayepotelea njiani. Pili, kila mzunguko umalizike kwa mapumziko ya lazima na kupimwa mapigo ya moyo. Anayechechemea asimamishwe bila aibu. Tatu, mteremko uwe na kikomo cha kasi. Nne, kila anayemaliza na mzigo wake kwa wakati uliopangwa apewe kitu, na zawadi kubwa iende kwa aliyefika na hali bora ya mwili na ya chombo chake.

Wengine watasema raia wanataka amani, si michezo. Wana haki ya kusema hivyo. M23 ilikamata Bunagana tarehe 13 mwezi wa sita 2022, na wakaaji wengi walikimbilia Uganda. Mbio haziwezi kuchukua nafasi ya amani. Zisifanywe pia bango la mwenye silaha yeyote, wala ushahidi kwamba mambo ni mazuri wakati si mazuri. Lakini vijana wasio na kitu cha kufanya mwisho wa juma wapo leo, hawangojei mkataba usainiwe. Wakipata mashindano yanayolinda miili yao, watakuwa wamepata jambo la heshima ambalo ni lao wenyewe.

Gharama si kubwa: saa, maji, muuguzi mmoja au wawili, na wazee wa mtaa wanaokubalika na wote kuwa waamuzi. Waanze na mizunguko mitatu, siku isiyo ya soko. Na matokeo yasisomwe jioni ileile tu. Yasomwe tena kesho yake asubuhi, kwa kuhesabu ni wangapi kati ya walioshindana wamerudi barabarani na mizigo yao.