Disemba 12 ya Vanga ina matatu
Mwandishi, Disemba 12 umeipunja. Umetaja Uhuru wa Kenya wa 1963 na Jamhuri ya 1964, ukafunga daftari. Sisi wa Vanga, huku pwani, tuna la tatu: siku ile ile ya 1963, ukanda wa pwani wa maili kumi ulitoka kwa Sultani wa Zanzibar ukaingia Kenya. Wazee walilala chini ya bendera nyekundu wakaamka na nyingine, na mashua hazikusogea hata shubiri.

Tena hili la kurudia tarehe si letu peke yetu. Jirani zetu wa ng'ambo ya mpaka, Tanganyika, walipata uhuru Disemba 9, 1961 na jamhuri Disemba 9, 1962. Uganda ilijitawala Oktoba 9, 1962. Mwaka mmoja baadaye, tarehe hiyo hiyo, ikapata rais badala ya Malkia. Nchi tatu, mara tatu? Hiyo si sadfa, ni mpango.