Neno la Mama Juu ya Kileo



Kila tukutanapo kwenye ushirika wetu, sura ya 31 ya Mithali haikosi kutajwa. Tunamsifu yule mke mwema aamkaye mapema, anunuaye shamba na kuwavika watu wa nyumbani mwake. Lakini mara nyingi tunaianza sura ile katikati. Mwanzoni yuko mama mwingine, mamaye mfalme Lemueli, akimwonya mwanawe juu ya kileo. Wala hamwonyi kwa ajili ya afya yake tu. Anamfundisha ya kwamba mtawala akilewa, sheria husahauliwa, na wanyonge ndio huumia.

Basi tangu zamani mama alikuwa na neno juu ya pombe na sheria. Siku hizi neno hilo tumewaachia chifu, polisi na wenye baa. Sisi tumebaki kulia nyumbani.

Kulia tuna sababu. Mwisho wa mwezi umefika. Mama amepika, amefunika sahani ya baba, watoto wamelala na njia ni kimya. Asubuhi mfuko wa suruali una sarafu chache, na karo bado haijalipwa. Tena mtoto wa nyumba hiyo hujifunza kusikiliza hatua za baba yake mlangoni, ajue kama ni usiku wa amani au wa kujificha chini ya kitanda.

Kwa uchungu huo wengi wetu husema, "Serikali ipige marufuku, mambo yaishe." Hapa Kenya jambo hilo lilijaribiwa. Mwaka 1980 sheria ilipiga chang'aa marufuku. Je, iliisha? La. Ilihamia vichochoroni na mitoni, ambako hapakuwa na wa kuikagua. Mwezi wa Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa jijini Nairobi kwa kunywa pombe yenye sumu ya methanoli, na wengine wakapofuka. Methanoli haina rangi, wala mnywaji hawezi kuitambua kwa macho.

Mwaka 2010 Bunge lilipitisha sheria mpya ya kudhibiti vileo. Wengi huiita Sheria ya Mututho, kwa jina la John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha, ambaye aliipeleka Bungeni. Sheria hiyo iliondoa ile marufuku ya chang'aa, ikataka pombe itengenezwe na kuuzwa kwa leseni. Baa zikawekewa saa: siku za kazi kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku, na mwisho wa juma na sikukuu kuanzia saa nane mchana. Ilikataza kumwuzia mtu aliye chini ya miaka 18, tena ikasema baa isiwe karibu na shule ya watoto kwa chini ya mita 300.

Ni sheria yenye maana. Hata hivyo, mwezi wa Mei 2014 makumi ya watu walikufa tena kwa pombe yenye sumu katika kaunti kadhaa, Embu na Kiambu zikiwamo. Tunajifunza nini? Sheria iliyoandikwa haiwezi kusimama yenyewe mlangoni pa baa. Inahitaji macho, na macho yaliyo karibu zaidi ni yetu. Ni nani ajuaye, kuliko mama, kwamba baa ya kule njiani hufunguliwa asubuhi watoto wakienda shule?

Sheria ile ya 2010 ilitoa nafasi kwa mtu yeyote kupeleka pingamizi kwa maandishi kabla leseni haijatolewa. Na chini ya Katiba ya 2010, leseni za pombe ni kazi ya serikali za kaunti. Kila kaunti ina taratibu zake, hivyo anzeni kwa kuuliza kwenye ofisi ya kaunti iliyo karibu nanyi. Kisha andikeni barua yenye mambo ya hakika, si matusi: mahali penyewe, umbali wake kutoka shuleni, saa na tarehe za kelele, na kama watoto wameuziwa. Tieni sahihi wengi pamoja. Mama mmoja akiongea huitwa mgomvi. Mama arobaini wakiandika, barua yao husomwa.

Kuna jambo lingine tusilopenda kulisema. Mara nyingi anayepika chang'aa ni mwanamke mwenzetu, na Jumapili tunaimba naye. Katika kikundi chetu alikuwako dada mmoja mjane, aliyesomesha watoto kwa pombe hiyo. Baadhi yetu walitaka akamatwe; wengine walitaka tunyamaze kwa kuwa ni wetu. Tulimkosea kwa kumsengenya miezi mingi bila hata mmoja wetu kumwuliza angekula nini akiacha. Hatimaye tulimwendea watatu, tukaketi jikoni kwake, tukamwuliza. Alilia kwanza, kisha akataja kiasi cha mtaji. Tulichanga, akaanza kuuza maharagwe sokoni. Faida ni ndogo kuliko ya zamani, na yeye hutuambia hivyo bila kuficha. Lakini binti zake sasa hufanya kazi zao za shule katika chumba kisicho na walevi.

Akina mama, maombi yetu na yaendelee, kwa maana Mungu husikia. Lakini mamaye Lemueli hakuishia kumwombea mwanawe. Alimwambia, tena waziwazi. Tuseme kwa waume zetu wakati wakiwa na akili timamu, si usiku wa manane wakiwa wamelewa. Tuseme kwa wana wetu kabla wenzao hawajawaambia. Tuseme na mbele ya wale watoao leseni.

Mkikutana mwezi huu, jadilianeni haya:

1. Je, katika mtaa wenu kuna baa iliyo karibu na shule? Ni nani kati yenu atakayepima umbali?

2. Je, yuko mwenzenu anayeishi kwa kuuza pombe haramu? Mmemsaidia au mmemsema tu?

3. Wana wenu wamesikia neno gani juu ya kileo kutoka kinywani mwenu?

Bwana azilinde nyumba zenu. Tukutane tena mwezi ujao.