Hakuna tiba bila ratiba

Asafiriye kutoka Lilongwe, mji mkuu wa Malawi, kuelekea Dowa, akiisha kwenda mwendo wa kilomita 45 hivi, hufika Dzaleka, mahali ambapo zamani za Rais Kamuzu Banda palikuwa gereza la wafungwa wa siasa, na ambapo jina lake lenyewe, kwa Kichewa, ni kauli ya mtu aliyetubu, asemaye kwamba hatarudia tena. Tangu mwaka 1994 gereza limekuwa kimbilio. Kambi iliyokadiriwa kuchukua watu 10,000 hadi 12,000 leo ina zaidi ya 50,000, aghalabu Wakongo, Warundi na Wanyarwanda, na Kiswahili huwakutanisha sokoni, msikitini, kanisani na katika foleni ya kituo cha afya.

Katika foleni hiyo wamo wagonjwa wa homa na wa kuhara, ambao maradhi yao hujulikana kwa kipimo. Walakini wamo pia waletao kichwa kisichoacha kuuma, usingizi usiokuja, na moyo upigao mbio bila sababu ionekanayo. Mtu aliyekimbia Kivu, huko Kongo, akiacha nyuma kaburi la mwanawe, kisha akakaa miaka 10 au 15 akingoja jibu la kuhamishiwa nchi nyingine, ilhali sheria inamzuia kuishi na kufanya kazi atakako, ana jeraha ambalo hadubini ya maabara haioni na vidonge vya maumivu havilifikii.

Jua likishuka, katika nyumba ya ibada yenye kuta za matofali ya udongo, kwaya hukutana kwa mazoezi. Kinanda hakuna, mwalimu huanzisha wimbo kwa kinywa chake, akawagawia wa sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, na mwisho besi, kila kundi likashika fungu lake hata likakaa sawa. Mama mmoja ameweka dumu lake tupu chini ya benchi. Kutwa hakusema maneno 10 na mtu. Akikosea, wote hurudi mwanzo pamoja naye, wala hakuna amwulizaye yaliyompata. Huvuta pumzi wavutapo wenziwe, akaitoa waitoapo, na kwa muda wa saa moja kifua chake kinatii amri nyingine isiyo ya hofu.

Jambo hili la kutibu kwa sauti halikuzuliwa jana. Wahenga wetu waliliita ngoma lile pipa lililowambwa ngozi, mchezo uchezwao kwalo, na uganga ufanywao kwa mlio wake, yote kwa neno moja. Na Watumbuka wa kaskazini ya Malawi wana vimbuza, ngoma ya kumtibu aliyepagawa, ambayo UNESCO iliiandika katika orodha ya turathi za wanadamu mwaka 2008. Huko Edirne, nchini Uturuki, katika maristani, yaani hospitali, ya Sultani Bayezid wa Pili iliyokamilika mwaka 1488, msafiri Evliya Çelebi alieleza katika karne ya 17 kwamba waimbaji na wapigaji 10 walikuwa wakiwatumbuiza wagonjwa mara tatu kwa juma. Na mwaka 2018 wataalamu wa Uingereza, Daisy Fancourt na Rosie Perkins, walichapisha habari za akina mama 134 walioshikwa na huzuni baada ya kujifungua: miongoni mwa wale ambao dalili zao hazikuwa hafifu, walioimba pamoja na watoto wao kwa majuma 10 walipata nafuu upesi kuliko waliobaki na matunzo ya kawaida.

Mara tatu kwa juma. Majuma 10 mfululizo. Sauti ilitumika kama dawa itumikavyo, kwa saa zake na kwa siku zake.

Dzaleka ina Tamasha la Tumaini, lililoasisiwa mwaka 2014 na mkimbizi kutoka Kongo, msanii Trésor Nzengu Mpauni, ajulikanaye kwa jina la Menes la Plume. Wageni kutoka Lilongwe humiminika kambini, wengine wakalala katika nyumba za wakimbizi, na mwenyeji aliyezoea kupewa hujiona siku hiyo anakirimu. Ni heshima kubwa, na Mungu ailinde. Lakini linalokuja mara moja kwa mwaka ni karamu, si dozi. Na wafadhili wetu hupenda jukwaa lenye taa kuliko benchi la mazoezi ya Jumanne, ambalo halina wa kulipiga picha.

Nakiri kwamba wimbo haushibishi mwenye njaa, wala hauponyi kifafa au wazimu, na ole wake mwalimu wa kwaya atakayemzuia mgonjwa kumeza vidonge vyake. Tena si kila sauti ni shifaa: spika zipigwazo usiku kucha katika nyumba zilizobanana ni maradhi kwa mwenye kukosa usingizi, na kishindo cha ngoma huweza kumrudisha mtu kwenye mizinga aliyoikimbia. Basi kila mtu na achague chake, huyu kwaya, huyu kasida, huyu kukaa pembeni akisikiliza.

Ninachokitaka ni kidogo, wala si kigeni. Katika kliniki za wajawazito nchini Malawi ni desturi akina mama kuanza asubuhi kwa nyimbo za mafunzo ya afya, wakipiga makofi, kabla ya mizani na vipimo. Wimbo umekwisha kuingia mlangoni mwa hospitali. Kilichosalia ni kumfikia mgonjwa wa moyo uliovunjika. Wakubwa wa afya walioko Lilongwe na waanze hapo: wahudumu wazijue siku za mazoezi ya kila kundi, walimu wa kwaya na wa kasida wafundishwe kumtambua anayestahili kupelekwa kwa tabibu, na tabibu naye, amwandikiapo dawa mtu asiyelala, amwulize, "Mama, unaimba wapi?" Akijibiwa kwamba haimbi popote, kalamu isiwekwe chini bado. Chini ya mstari usemao vidonge viwili, kutwa mara tatu, uandikwe wa pili: mazoezi, Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja jioni.