MGOMBEA WA URAIS ACHAGULIWE MATAWINI

Sisi wenye maduka hapa Songea tuna ada moja ambayo hata mtoto mdogo aijua: mizani hukaa juu ya meza, mbele ya macho ya mnunuzi. Apimiwaye sukari kilo moja ana haki ya kuuona mshale ukisimama. Mwenye duka akiingia stoo, akapima huko peke yake, kisha akatoka na kifurushi kilichokwisha fungwa na kusema "Hii hapa kilo yako", huenda kweli ikawa kilo kamili; walakini mnunuzi yule kesho hatarudi. Twaanza na maneno haya ya dukani kwa kuwa jambo tulitakalo leo ni la vipimo. Vyama vyetu vya siasa, kile kitawalacho na hivi vya upinzani, na chetu kimo, humpima mgombea wa urais ndani ya stoo.

Wapo watakaotuambia kwamba hayo ni mambo ya ndani ya chama, hayamhusu mtu wa nje. Katika nchi nyingine maneno hayo yangeweza kusikilizwa. Katika Tanzania hayasikilizwi, kwa sababu Katiba yetu haimruhusu raia kugombea urais ila apendekezwe na chama. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila aliihangaikia haki ya mgombea binafsi miaka mingi, na mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilimpa haki. Mlango haukufunguliwa. Basi ikiwa mlango wa chama ndio mlango pekee, ashikaye ufunguo wake ameushika ufunguo wa Ikulu, na raia asiye na kadi yo yote naye yamhusu.

Natutazame yaliyotokea. Mwaka 1995 Chama cha Mapinduzi kilipeleka majina matatu mbele ya Mkutano Mkuu: Benjamin Mkapa, Jakaya Kikwete na Cleopa Msuya. Duru ya kwanza Kikwete alitangulia. Duru ya pili Mkapa alipata kura 686, Kikwete 639. Tofauti ni kura 47. Sisi si watu wa chama kile, lakini twakiri kwamba siku ile mizani ilionekana, mshale ukayumba mbele ya watu, na aliyeshindwa akakubali. Ila msomaji azingatie idadi: watu 1,325 waliamua kwa niaba ya nchi nzima.

Mwaka 2015 waliorudisha fomu walikuwa 38. Kamati Kuu ilikaa Dodoma, ikatoa majina matano, na jina la Edward Lowassa, aliyekuwa Waziri Mkuu, halikuwamo. Kwa nini halikuwamo? Mwanachama wa kawaida hakuoneshwa karatasi yo yote yenye sababu. Wajumbe watatu wa Kamati Kuu ile ile walitoka hadharani wakajitenga na uamuzi huo, na mmoja wao alikuwa mbunge wetu wa Songea Mjini wa wakati ule, Dkt. Emmanuel Nchimbi. Halmashauri Kuu ikayapunguza matano kuwa matatu, na Mkutano Mkuu ukampa marehemu Dkt. John Magufuli kura 2,104, Balozi Amina Salum Ali 253 na Dkt. Asha-Rose Migiro 59. Hapo kura zilihesabiwa vizuri. Kazi kubwa ilikwisha fanywa ndani ya stoo.

Kisha ukaja mwezi Januari 2025. Mkutano Mkuu uliitwa Dodoma kumpata Makamu Mwenyekiti baada ya Ndugu Abdulrahman Kinana kujiuzulu. Wajumbe waliokwenda kwa shughuli hiyo walirudi makwao wakiwa wamekwisha mpitisha kwa azimio Rais Samia Suluhu Hassan kuwa mgombea wa uchaguzi wa Oktoba, na Dkt. Hussein Mwinyi kwa upande wa Zanzibar. Na yule yule Dkt. Nchimbi, aliyelalamikia utaratibu mwaka 2015, akatajwa mgombea mwenza. Hakuna fomu iliyochukuliwa, hakuna wa pili wala wa tatu. Yamkini Rais Samia angeshinda hata wangekuwapo wapinzani kumi ndani ya chama chake. Basi kwa nini wasiruhusiwe?

Ndugu zetu wa Visiwani hawana haja ya kufundishwa habari hizi na mtu wa Ruvuma. Wao wayakumbuka ya mwaka 2000, pale Kamati Maalum ya Zanzibar ya chama kile ilipomweka mbele Dkt. Mohamed Gharib Bilal, aliyekuwa Waziri Kiongozi, na Halmashauri Kuu ya Dodoma ikampitisha Amani Abeid Karume. Hatuandiki haya kumpima nani alikuwa bora. Wote wawili walitumikia nchi baadaye, mmoja Rais wa Zanzibar, mwingine Makamu wa Rais wa Muungano. Twauliza tu: mtu wa Makunduchi au wa Mkoani atawaliwaye na Rais wa Zanzibar, na mtu wa Songea asiyepiga hata kura ya Rais huyo, ni nani kati yao astahiliye kumteua mgombea? Nasi tuliosoma chuoni tulifundishwa tangu utotoni neno shura. Hatukufundishwa kwamba maana yake ni kuwakusanya watu wasikilize jambo lililokwisha amuliwa.

Hapa Ruvuma tuna kovu letu la namna hiyo. Wazee waukumbuka Umoja wa Maendeleo wa Ruvuma, vijiji vya Litowa na vinginevyo, ambako wakulima wenyewe walikaa mkutanoni wakaamua walime nini na fedha ziende wapi. Mwaka 1969 Kamati Kuu ya TANU ikauvunja. Uamuzi ulishuka kutoka juu, na waliokuwa wakiamua kila wiki mambo yao hawakuulizwa.

Sasa tugeuze kioo tujitazame sisi wa upinzani, kwani kumcheka jirani mwenye kilemba kichafu huku chako hujakifua ni aibu. Lowassa alipokatwa, tarehe 28 Julai 2015 aliingia CHADEMA, na tarehe 4 Agosti Mkutano Mkuu ulimthibitisha kuwa mgombea wa urais. Siku saba! Dkt. Willibrod Slaa, aliyekuwa Katibu Mkuu na mgombea wa mwaka 2010, akaondoka. Kura zilipatikana nyingi, zaidi ya milioni sita. Lakini mwezi Machi 2019 Lowassa alirejea CCM, na waliomfanyia kampeni juani wakabaki wakitazamana. Mwaka 2025 mambo yalikuwa yale yale: Luhaga Mpina alitoka CCM, akaingia ACT-Wazalendo mwezi Agosti, na mwezi huo huo akapitishwa kugombea urais. Mara ikazuka hoja kwamba kanuni ya chama chenyewe juu ya muda wa uanachama haikufuatwa, na hoja hiyo ikawa kamba mikononi mwa waliotaka kumfunga. Mahakama Kuu ilimrejesha, Tume ikamwondoa tena, na karatasi ya kura ikachapwa bila jina lake. Tutailaumu Tume, nayo yastahili lawama. Lakini ile kamba nani aliyeisokota?

Kwa ufupi, tumekuwa watu wa kusimama mlango wa nyuma wa jiko la jirani, twangoja kitakachotupwa.

Twataka nini basi? Twataka kila mwanachama mwenye kadi hai apige kura ya siri tawini kwake kumchagua mgombea wa urais. Daftari la wanachama lifungwe miezi sita kabla, ili asiweze mtu kuingia Jumatatu na kugombea Jumanne, wala tajiri asinunue kadi elfu usiku mmoja. Kura zihesabiwe pale pale, na matokeo yabandikwe mlangoni kabla ya sanduku kuondoka. Kamati Kuu ibakie na kazi ya kutazama masharti ya sheria tu. Na ikimkata mtu, itoe sababu kwa maandishi, naye apewe nafasi ya kujibu. Na mgombea wa Zanzibar achaguliwe na matawi ya Unguja na Pemba peke yake. Hilo la mwisho twajua wenzetu wengine wa Bara hawatalipenda.

Watasema ni gharama. Ndiyo, ni gharama. Hata kuwasafirisha wajumbe hadi Dodoma au Dar es Salaam na kuwalaza ni gharama, na matawi yako hapa hapa tunapoishi. Watasema fedha zitatawala. Sisi wachuuzi twajua hesabu hii kuliko wao: ni rahisi kuwahonga watu elfu moja waliolala katika mji mmoja kuliko laki moja waliotawanyika kutoka Mbinga hadi Micheweni. Chama cha NPP cha Ghana kiliposhindwa uchaguzi wa 2008 kilikaa kikajiuliza, na mwaka 2009 kikabadili katiba yake: wapiga kura wa kumteua mgombea, waliokuwa elfu mbili na kitu, wakawa zaidi ya laki moja. Kilishindwa tena 2012, tusifichane, lakini 2016 kilishinda uchaguzi. Nako Kenya, mwaka 2002, Rais Moi alimchagulia KANU mrithi, wakubwa wenzake wakatoka mmoja mmoja, na chama kilichotawala tangu uhuru kikaanguka mwezi Desemba.

Maneno haya tumeyaandika pia katika karatasi ya kurasa mbili, nasi tutaisoma mbele ya mkutano wa tawi letu, kisha tutaipeleka wilayani na kudai muhuri wa kupokelewa. Matawi ya Unguja na Pemba yatakayoandika mfano wake, twayaomba yatuletee nakala, tujue tuko wangapi.