Ukwaju wa Baba utiwe gesi

Mliosikiliza kipindi mlisikia tulivyobishana. Mwenzangu anashikilia kwamba ukwaju ukitiwa gesi si ukwaju tena, ni mzaha. Mi nilikatwa kabla sijamaliza, kwa hiyo namalizia hapa.

Baba yangu ana kisukari. Mwaka jana, mwezi wa saba, familia zetu zilikutana bustanini kama kawaida yetu, hapa London ya mashariki. Jua kali, mishikaki motoni, watoto wanakimbizana. Vya kunywa vilikuwa soda tu, kreti juu ya kreti. Baba kakaa na chupa yake ya maji aliyoijaza nyumbani. Kila anayepita, "Ah, Mzee wangu, hata moja tu?" Akakataa mara tatu. Ya nne akapokea, manake ukizidi kukataa unaonekana unadharau cha watu.

Hapo nilikasirika, na siyo kwa Baba. Wazazi wetu wamekulia mahali ambapo soda ni heshima. Mgeni akija, mtoto anatumwa dukani mbio, chupa inafunguliwa mbele ya mgeni aione. Ukwaju? Huo ni wa barabarani, wa watoto wakitoka shule. Wakapanda nayo ndege imani hiyo. Sisi tuliozaliwa huku soda hatuioni kuwa cheo chochote, iko kila kona, lakini tunaendelea kuwapa wazee eti ndiyo kuwakirimu. Kopo la kola ya kawaida la mililita 330 lina gramu 35 za sukari. NHS wanasema mtu mzima asizidishe gramu 30 za sukari ya namna hiyo kwa siku nzima.

Sasa jiulize, mgeni alikuwa anafurahia nini hasa? Ule mlio chupa ikifunguliwa, ubaridi, povu kupanda puani. Basi tuchukue gesi, sukari tuipunguze.

Ukwaju nanunua Green Street, ule ulioshindiliwa kama tofali, gramu 200. Nusu yake naloweka kwenye nusu lita ya maji moto kwa nusu saa, navuruga kwa mkono mpaka kokwe zibaki tupu, nachuja. Narudisha jikoni na vipande vya tangawizi, iliki mbili zilizopondwa na vijiko vinne vya chakula vya sukari, vya kufuta siyo vya mlima. Ikichemka kidogo naepua, inalala kwenye friji. Hapo unapata glasi kama kumi, yaani gramu tano hivi za sukari niliyotia kila moja. Ukwaju una sukari yake pia, sikatai, na hii siyo dawa.

Nanaa usichemshe! Inageuka ladha ya majani ya chai yaliyosahaulika. Ipige tu kati ya viganja, tia kwenye glasi na barafu, vijiko vitatu vya ukwaju, kamulia ndimu. Maji ya gesi ndiyo ya mwisho, na lazima yawe ya baridi sana, manake maji ya uvuguvugu hayashiki gesi. Mimina taratibu ubavuni mwa glasi, maana rojo ya ukwaju inafanya povu lipande ghafla. Koroga mara moja tu. Ukikoroga kama uji, gesi yote imekwenda.

Kuhusu asili: pilau tunapika kwa basmati ya Pakistan, juu ya jiko la Mwingereza, na hajatokea mtu akasema siyo pilau.

Mwaka huu nilibeba jagi langu bustanini na chupa sita za maji ya gesi, nikamfungulia Baba moja mbele yake, watu wakiona. Akanywa, akaomba nyingine. Ya tatu akasema nipunguze nanaa, yeye si mbuzi.